Nani Hulipa Nauli? Ziara za Okestra ya Berlin na Mipaka ya Uhuru wa Sanaa, 1882–2020

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya Berliner Philharmoniker, okestra ya simfonia ya mji wa Berlin, kwa kuitazama kupitia safari zake. Historia za okestra kwa kawaida huandikwa kwa kufuata majina ya waongozaji wake au kazi zilizopigwa. Hapa tunafuata njia nyingine: tunauliza okestra ilisafiri kwenda wapi, kwa gharama ya nani, na ilitarajiwa kurudisha nini. Hoja yetu ni kwamba ziara ilikuwa, kwa zaidi ya karne moja, mahali ambapo uhuru wa wanamuziki ulipimwa hadharani. Pale walipojilipia nauli walibaki wanyonge kiuchumi lakini wenye kauli. Pale dola ilipowalipia walipata utulivu, nayo dola ikapata kauli. Makala inahitimisha kwa kuonesha kuwa jibu lililopatikana mwaka 2002 lilikuwa la kisheria zaidi kuliko la kisanaa, na kwamba lina funzo kwa watungaji wa sera za utamaduni.

1.0 Utangulizi

Okestra ya simfonia ni chombo cha gharama. Huhitaji watu wapatao mia moja wanaolipwa mwaka mzima, ukumbi unaofaa, na ala ambazo haziwezi kurundikwa ovyo kwenye behewa. Kuihamisha okestra kutoka mji mmoja hadi mwingine ni sawa na kuhamisha kijiji kidogo: watu wanahitaji malazi na chakula, na ala zao zinahitaji ulinzi dhidi ya baridi, joto na wapagazi wasio na subira. Kwa sababu hiyo, hakuna okestra kubwa inayosafiri kwa mapato ya tiketi pekee kwa muda mrefu. Lazima awepo mtu au taasisi inayofidia upungufu. Swali la nani huyo, na anadai nini, ndilo linaloongoza makala hii.

Tumeichagua Berlin kwa sababu mbili. Kwanza, okestra hii ilizaliwa moja kwa moja kutokana na mgogoro wa safari. Pili, katika maisha yake imepita chini ya takriban kila aina ya mfadhili anayeweza kufikiriwa: ushirika wa wanamuziki wenyewe, wakala wa biashara, manispaa, serikali ya kidikteta, mji uliogawanywa na mataifa washindi wa vita, kampuni za santuri, na hatimaye wakfu wa umma.

2.0 Daraja la nne: mzizi wa okestra

Mwaka 1867 mwongozaji Benjamin Bilse alihamia Berlin kutoka Liegnitz, mji wa Silesia, akaanzisha kikundi kilichopiga muziki mbele ya wasikilizaji waliokaa mezani wakila na kunywa. Bilse alikuwa mjuzi wa biashara yake, na kikundi chake kilikuwa na nidhamu. Lakini alikiendesha kama mwenye duka anavyoendesha duka lake: mishahara ilikuwa midogo na amri zilikuwa za mtu mmoja.

Katika masika ya mwaka 1882 Bilse alipanga kuwapeleka wanamuziki wake Warsaw kwa treni, katika behewa la daraja la nne. Kwa mafundi waliokwisha kupata sifa mjini, hilo lilikuwa tone lililofurisha kikombe. Wanamuziki 54 waliamua kujitenga. Mwezi Mei mwaka huohuo walianza kupiga kwa jina lao wenyewe, wakijitambulisha kama waliokuwa kikundi cha Bilse, kabla ya kuchukua jina la Philharmonisches Orchester.

Ni rahisi kulichukulia tukio hili kama kisa cha kuchekesha kuhusu viti vya treni. Kwa hakika lilikuwa tendo la kikatiba. Wanamuziki walijiwekea kanuni za kuendesha mambo yao kwa pamoja: kuamua nani aingie kundini na nani aongoze. Kanuni hiyo ya kumchagua mwongozaji kwa kura ya wanachama, badala ya kuletewa na bwana au mtawala, imedumu hadi leo, ingawa, kama tutakavyoona, kuna nyakati ilibaki jina tupu.

3.0 Ziara kama riziki, 1882–1933

Uhuru haukuleta mkate. Okestra mpya haikuwa na ukumbi wala ruzuku. Aliyeiokoa alikuwa wakala wa muziki Hermann Wolff, ambaye alipanga mfululizo wa maonyesho na kuwatafutia jengo katika mtaa wa Bernburger Straße, ambalo awali lilikuwa ukumbi wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu. Wolff ndiye pia aliyemleta Hans von Bülow mwaka 1887, mwongozaji mkali aliyewafundisha wanamuziki kufanya mazoezi kwa undani usiozoeleka wakati huo. Mwaka 1895 nafasi hiyo ikachukuliwa na Arthur Nikisch, aliyeishika hadi kifo chake mwaka 1922.

Katika kipindi hiki ziara zilikuwa za namna mbili. Za kwanza zilikuwa za riziki. Wakati wa kiangazi, Berlin ilipobaki bila wasikilizaji wenye fedha, okestra ilikwenda Scheveningen, mji wa pwani ya Uholanzi, kuwapigia muziki watu waliokuwa mapumzikoni. Hakukuwa na fahari kubwa katika kazi hiyo, lakini mshahara wa miezi ya joto ulitoka huko. Za pili zilikuwa ziara za heshima. Mwaka 1897 Nikisch aliipeleka okestra Paris, miaka 26 tu baada ya vita kati ya Ufaransa na Ujerumani. Wafaransa waliokumbuka kuzingirwa kwa mji wao waliketi kuwasikiliza Wajerumani wakipiga muziki. Tayari hapa tunaona kile ambacho baadaye kingeitwa diplomasia ya utamaduni, ingawa waliosafiri walikuwa bado wakijihesabia wenyewe faida na hasara.

Mwaka 1903 okestra ilijisajili kuwa kampuni ambayo hisa zake zilimilikiwa na wanamuziki wenyewe. Mfumo huu ulifanya kazi mradi Berlin ilikuwa na tabaka la kati lenye uwezo wa kununua tiketi za msimu mzima. Vita Kuu ya Kwanza na mfumuko wa bei wa mwaka 1923 vililifilisi tabaka hilo. Wilhelm Furtwängler, aliyechaguliwa mwaka 1922, alirithi okestra yenye sifa kubwa na sanduku tupu. Ziara za nje zikawa njia ya kupata fedha zenye thamani, na aliyezipanga kwa ustadi alikuwa katibu wake Berta Geissmar. Hata hivyo, madeni yalizidi kukua. Manispaa ya Berlin na serikali kuu zilitoa misaada kwa kusuasua, kila upande ukimtazama mwenzake. Kufikia mwanzoni mwa mwaka 1933 kampuni ya wanamuziki ilikuwa ukingoni mwa kufilisika.

4.0 Okestra ya Dola, 1933–1945

Ni muhimu kuelewa mpangilio wa mambo haya, kwa sababu masimulizi mengi huanza na itikadi na kusahau deni. Wanazi hawakuivamia okestra kwa nguvu. Waliikuta inatafuta mlipaji. Mwaka 1934 wanamuziki waliuza hisa zao kwa Dola ya Ujerumani, na okestra ikawekwa chini ya Wizara ya Propaganda ya Joseph Goebbels. Wanamuziki wakawa watumishi wa dola wenye mishahara ya uhakika. Baadaye, vita vilipoanza, waliondolewa katika wajibu wa kwenda jeshini.

Gharama ya utulivu huo ilianza kulipwa na wachache. Wanamuziki wa Kiyahudi waliokuwamo, akiwemo kiongozi wa fidla Szymon Goldberg na wapiga selo Joseph Schuster na Nicolai Graudan, waliondoka. Berta Geissmar, aliyekuwa Myahudi, alipokonywa kazi yake. Alikwenda London, ambako alimfanyia kazi mwongozaji Thomas Beecham. Okestra iliyojivunia kuamua yenyewe nani awe mwanachama sasa ilishindwa kuwalinda wanachama wake. Furtwängler alijaribu kupinga kwa namna yake: mwishoni mwa mwaka 1934 alimtetea hadharani mtunzi Paul Hindemith, akalazimika kujiuzulu. Miezi michache baadaye alirudi kuongoza. Mjadala juu ya kurudi kwake haujaisha hadi leo, na makala hii haidai kuumaliza. Kinachotuhusu ni kwamba kurudi kwake kuliipa serikali jina kubwa la kuweka kwenye mabango ya ziara.

Na ziara ziliongezeka. Wakati wa vita okestra ilizunguka Uholanzi, Ubelgiji, Ufaransa, nchi za Balkani, Hispania na Ureno, ikiongozwa mara nyingi na Hans Knappertsbusch au Clemens Krauss. Baadhi ya nchi hizo zilikuwa zimekaliwa kimabavu na jeshi la Ujerumani. Muziki ule ule wa Beethoven na Brahms ambao mwaka 1897 ulisaidia kufungua mlango wa Paris, sasa uliingia Paris nyuma ya vifaru. Nota hazikubadilika, kilichobadilika ni aliyelipa nauli na sababu yake. Hapa ndipo dai kwamba muziki hauna siasa linapofikia ukomo wake. Mwanamuziki anaweza kuamini kwa moyo safi kwamba anamtumikia Beethoven peke yake, huku tiketi iliyo mfukoni mwake ikisema vingine.

Usiku wa tarehe 30 Januari 1944 mabomu yaliuteketeza ukumbi wa Bernburger Straße. Okestra iliendelea kupiga katika kumbi za muda karibu hadi kuanguka kwa mji.

5.0 Kutoka vifusini hadi Cairo, 1945–1954

Tarehe 26 Mei 1945, chini ya wiki tatu baada ya Ujerumani kusalimu amri, okestra ilitoa onyesho katika jumba la sinema la Titania-Palast. Mwongozaji alikuwa Leo Borchard, mzaliwa wa Moscow aliyekuwa katika kundi la siri la upinzani dhidi ya Wanazi. Onyesho lilifunguliwa kwa kazi ya Felix Mendelssohn, mtunzi aliyepigwa marufuku kwa miaka kumi na miwili kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi. Mwezi Agosti Borchard aliuawa kwa risasi ya mlinzi wa Kimarekani katika kizuizi cha barabarani, kwa kutoelewana. Mahali pake palichukuliwa na kijana wa Kirumania, Sergiu Celibidache, ambaye aliongoza okestra zaidi ya mara 400 katika miaka iliyofuata, wakati Furtwängler akisubiri kusafishwa na mahakama za kuondoa Unazi. Furtwängler alirudi jukwaani Berlin mwaka 1947.

Je, okestra iliyosafiri kwa niaba ya Goebbels ingeweza kusafiri tena? Jibu lilipatikana hatua kwa hatua. Mwaka 1948 ilikwenda Uingereza, mji wake wenyewe ukiwa umezingirwa na majeshi ya Kisovieti na kulishwa kwa ndege. Mwaka 1951 Furtwängler aliipeleka Misri. Maonyesho ya Cairo ya mwezi Aprili mwaka huo yalirekodiwa. Simfonia ya saba ya Bruckner na ya sita ya Tchaikovsky zilizopigwa huko bado zinasikilizwa hadi leo. Kwa msomaji wa Afrika safari hiyo ina uzito wake. Mji mkuu wa nchi ya Kiafrika uliipokea okestra hii miaka minne kabla ya New York kufanya hivyo.

6.0 Marekani, 1955: ziara iliyomchagua mwongozaji

Ziara ya Marekani ilipangwa kufanyika mwanzoni mwa mwaka 1955 chini ya Furtwängler. Tarehe 30 Novemba 1954 alifariki dunia. Mikataba ilikuwa tayari na tarehe zimepangwa. Serikali ya Ujerumani Magharibi, iliyokuwa ikitafuta nafasi yake miongoni mwa mataifa ya Magharibi, iliitazama safari hiyo kama ujumbe wa taifa. Ilihitajika sura ambayo wakala wa Marekani angeikubali kibiashara, na sura hiyo ilikuwa ya Herbert von Karajan. Karajan alikubali kwa sharti la kupewa wadhifa wa kudumu. Wanamuziki walimpigia kura, na Celibidache, aliyeibeba okestra katika miaka ya njaa, akaachwa nje.

Tukio hili linastahili kutazamwa kwa makini. Kanuni ya mwaka 1882 iliheshimiwa kwa herufi: kura ilipigwa. Lakini ratiba ya ziara ndiyo iliyoamua ipigwe lini na kwa ajili ya nani. Karajan alikuwa amejiunga na chama cha Nazi, na meneja wa okestra, Gerhart von Westerman, naye alikuwa mwanachama wa zamani. Jijini New York mamia ya wanamuziki wa chama cha wafanyakazi walitia saini waraka wa kupinga ujio wao, na waandamanaji walisimama nje ya Carnegie Hall. Hata hivyo maonyesho yaliendelea, na sifa za magazeti kwa upigaji wao zilikuwa kubwa. Ziara ilitimiza lengo lake la kisiasa, lakini pia iliahirisha mazungumzo ambayo okestra ingelazimika kuyafanya na nafsi yake. Ilichukua zaidi ya miaka hamsini: ni mwaka 2007, ilipotimiza miaka 125, ndipo kitabu cha mwanahistoria Misha Aster na filamu ya Enrique Sánchez Lansch vilipoweka mbele ya umma kumbukumbu za okestra ya dola.

7.0 Milango ya Vita Baridi, 1957–1990

Enzi ya Karajan ilikuwa enzi ya ndege na santuri. Mwaka 1957 okestra ilikwenda Japani kwa mara ya kwanza, na nchi hiyo ikawa soko lake imara. Tangu hapo ziara na rekodi zilikwenda sambamba: santuri iliwaandaa wasikilizaji wa mbali, ziara ikauza santuri. Fedha za kampuni za rekodi ziliwapa wanamuziki kipato cha pili kisichopitia hazina ya mji. Mwezi Oktoba 1963 walipata nyumba mpya, ukumbi wa Philharmonie uliosanifiwa na Hans Scharoun, hatua chache kutoka kwenye ukuta uliokuwa umeigawa Berlin miaka miwili kabla.

Kukaa kando ya ukuta kuliifanya okestra iwe ishara hata pale isipotaka. Mwaka 1969 Karajan aliipeleka Moscow, ambako ilipiga simfonia ya kumi ya Dmitri Shostakovich mbele ya mtunzi mwenyewe. Hiyo ilikuwa mwaka mmoja kabla ya Mkataba wa Moscow uliolegeza uhusiano wa Bonn na Wasovieti. Mwaka 1979 ilikwenda Beijing, China ilipoanza kujifungua baada ya Mapinduzi ya Utamaduni, kipindi ambacho muziki wa Beethoven ulikuwa umepigwa marufuku. Safari hiyo ilianza kwa ajali uwanja wa ndege: wanamuziki wawili walianguka kutoka kwenye ngazi ya ndege na kuumia. Katika safari zote mbili muziki haukuleta mabadiliko ya kisiasa, bali ulifika pamoja nayo, na wakati mwingine ulitangulia kidogo. Mshauri wa sera anayetarajia zaidi ya hapo atakatishwa tamaa.

Mlango mmoja ulibaki umefungwa. Israeli isingemkaribisha Karajan, na okestra isingeweza kwenda bila kiongozi wake bila kukiri kwa nini. Karajan alifariki mwezi Julai 1989. Novemba mwaka huo ukuta ulipoanguka, okestra ilitoa onyesho la bure kwa raia wa Berlin Mashariki chini ya Daniel Barenboim. Mwezi Aprili 1990, ikiongozwa na Barenboim huyo huyo, ilikanyaga ardhi ya Israeli kwa mara ya kwanza. Miaka 56 ilikuwa imepita tangu hisa ziuzwe.

8.0 Wakfu wa mwaka 2002 na ziara bila safari

Hadi mwisho wa karne ya ishirini okestra ilikuwa na miili miwili kisheria. Kama Berliner Philharmonisches Orchester ilikuwa idara ya serikali ya mji wa Berlin. Kama Berliner Philharmoniker ilikuwa ushirika binafsi wa wanamuziki waliouza rekodi. Mgawanyiko huo ulizaa mivutano isiyoisha kuhusu mishahara na mamlaka. Simon Rattle, aliyechaguliwa na wanamuziki mwaka 1999, alishikilia kwamba mfumo ubadilishwe kabla ya kuanza kazi. Mwaka 2002 miili hiyo iliunganishwa kuwa wakfu wa umma. Mji uliendelea kutoa ruzuku, lakini maamuzi ya kisanaa na ya matumizi yalihamia kwa wakfu wenyewe.

Mabadiliko haya hayakuvuta macho kama onyesho la Moscow, lakini kwa maoni yetu ndiyo makubwa zaidi tangu mwaka 1934, kwa sababu yalitenganisha mambo mawili yaliyokuwa yamefungwa pamoja: kulipa na kuamuru. Kuanzia mwisho wa mwaka 2008 okestra ilianzisha pia jukwaa la kurusha maonyesho yake kwa njia ya intaneti, ikisaidiwa na ufadhili wa benki. Mtazamaji wa Nairobi au Kampala mwenye muunganisho mzuri akaweza kuisikiliza bila okestra kupanda ndege. Tarehe 1 Mei 2020 onyesho lake la kila mwaka la Ulaya, lililopangwa kufanyika Tel Aviv, lilipigwa na kundi dogo chini ya Kirill Petrenko katika ukumbi mtupu wa Berlin, kwa sababu ya janga la UVIKO-19. Hata hivyo mara mipaka ilipofunguliwa okestra ilianza tena kusafiri. Inaonekana kuna jambo ambalo skrini hailibebi: wageni kukubali kuwa wageni, na wenyeji kukubali kuwapokea.

9.0 Hitimisho

Historia hii inatupa mambo matatu ya kuzingatia. La kwanza ni kwamba udhaifu wa kifedha wa taasisi ya sanaa ni suala la kisiasa kabla ya kuwa la kihasibu. Mwaka 1934 haukuanza kwa Goebbels kubisha hodi. Ulianza kwa miaka kumi ya ruzuku za kusuasua. Serikali ya kidemokrasia inayoiacha taasisi yake ining'inie hutengeneza windo la atakayekuja baadaye.

La pili ni kwamba taratibu za ndani za kidemokrasia hazitoshi peke yake. Wanamuziki wa Berlin walikuwa na kura mwaka 1934 na mwaka 1955. Kura bila akiba ni kauli bila sauti. Kinachohitajika ni umbo la kisheria linalomruhusu mlipaji alipe bila kukaa kwenye kiti cha mwongozaji.

La tatu linawahusu hasa washauri wa sera katika ukanda wetu, ambako vikundi vya ngoma, kwaya na bendi hupelekwa nje kwa jina la taifa na hurudi bila mkataba wowote unaoeleza wajibu wa kila upande. Atakayeandaa mkataba kama huo angefanya vyema kuanza na maswali manne: nani analipa, nani anachagua watakaosafiri, nani anachagua kitakachopigwa, na nani anaweza kukataa kwenda. Pale majibu yote manne yanapomwelekea mtu mmoja, kikundi hicho kimegeuka kuwa mzigo wa mwenye gari, hata kama kimekaa daraja la kwanza.